Deni la Washindi

Mtu mmoja anapokwenda peke yake mbele ya tajiri wake kudai nyongeza ya ujira, aghalabu huwa na silaha moja tu, nayo ni kuondoka. Akiwa fundi wa kazi adimu, silaha hiyo hukata. Akiwa mmoja wa maelfu wanaofanya kazi ile ile, ni butu. Nje ya lango wamesimama wengine wanaongoja nafasi yake, na njaa ya nyumbani kwake haina subira. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wa nchi nyingi wamejifunza kusema kwa sauti moja, wakiamini kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini liko jambo ambalo haikulisema. Vidole ni vya mkono mmoja, na mkono ni wa mtu mmoja. Kidole hakina rai yake mbali na mkono. Mfanyakazi anayo rai yake. Basi, wafanyakazi mia wakitakiwa kuwa mkono mmoja, na arobaini miongoni mwao hawataki, ni kwa haki gani sitini watawasemea arobaini?

Swali hili limejibiwa kwa njia mbalimbali duniani. Marekani ililijibu kwa sanduku la kura. Tarehe 5 Julai 1935, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya mahusiano ya kazi iliyopiganiwa bungeni na Robert Wagner, seneta wa New York. Sheria hiyo iliwapa wafanyakazi wa viwanda na biashara za watu binafsi haki ya kuungana, ya kumchagua msemaji wao, na ya kupatana na tajiri kwa pamoja. Iliunda pia Baraza la Taifa la kusimamia mambo hayo. Wako walioipinga wakidai kuwa serikali haina mamlaka ya kuingia kati ya tajiri na mtumishi wake, lakini mwaka 1937 Mahakama ya Juu iliithibitisha katika shauri la kiwanda cha chuma cha Jones & Laughlin.

Njia yenyewe si ngumu kuieleza. Wafanyakazi wanaotaka chama hupitisha kadi, na kila anayekubali huweka sahihi yake. Sahihi zikifika 30 katika kila wafanyakazi 100 wa kundi linalohusika, ombi huweza kupelekwa kwenye Baraza. Baraza hupima mipaka ya kundi hilo: nani ni mfanyakazi na nani ni msimamizi, maana msimamizi huhesabiwa kuwa mkono wa tajiri, wala hapigi kura. Kisha siku hupangwa, maafisa huleta sanduku, na kila mtu huingia kibandani peke yake akiwa na karatasi ya swali moja: je, anataka kuwakilishwa na chama kilichotajwa? Hutia alama penye ndiyo au penye hapana, akaikunja karatasi, akaitumbukiza. Hesabu hufanywa mbele ya mashahidi wa pande zote. Chama hushinda kikipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, wala si zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote. Asiyefika amewaachia wenziwe waamue. Kura zikilingana sawasawa, chama kimeshindwa.

Kuna ajabu katika kibanda kile. Mtu huingia peke yake ili atoke katika upweke. Kadi za kwanza aghalabu hutiwa sahihi mbele ya macho ya wenzi, na mwenye haya huweza kukubali ili asionekane msaliti. Mikutano ya tajiri nayo hufanywa mbele ya macho ya wasimamizi, na mwenye watoto huweza kuitikia ili asionekane mkaidi. Kibandani hakuna jicho la tajiri wala la mwenzi. Lililobaki ni jicho la dhamiri. Ndiyo maana tangu mwaka 1953 Baraza limezikataza pande zote mbili kuwahutubia wafanyakazi waliokusanywa katika saa za kazi, muda wa saa 24 kabla ya kura kuanza. Woga na haya ni ndugu, na neno lililosukumwa nje na mmoja wao haliwezi kuitwa rai.

Lakini sanduku likishafungwa na hesabu ikishatangazwa, huanza jambo lililo zito kuliko kura yenyewe. Chama kilichoshinda huwa msemaji wa pekee wa kundi zima. Husema kwa ajili ya waliokitaka, waliokikataa na wale ambao hawakufika. Tajiri hawezi tena kumwita mmoja pembeni na kupatana naye ujira wake mbali na mapatano ya wote. Aliyesema hapana anaamka asubuhi akiwa na msemaji ambaye hakumtuma.

Mfano ulio wazi ni kiwanda cha magari cha Volkswagen katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, kilichoanza kazi ya kutengeneza magari mwaka 2011. Mara tatu wafanyakazi wake wa uzalishaji na matengenezo waliulizwa kama wanakitaka chama cha wafanyakazi wa magari, United Auto Workers. Februari 2014, 626 walisema ndiyo na 712 walisema hapana. Juni 2019, 776 walisema ndiyo na 833 walisema hapana. Aprili 2024, 2,628 walisema ndiyo na 985 walisema hapana. Mara ya kwanza, watu 44 tu wangalibadili nia zao matokeo yangaligeuka. Mara ya pili wangalitosha 29. Jambo lililokosekana kwa idadi ya watu wanaoweza kuketi katika chumba kimoja lilichukua miaka 10 kupatikana.

Wengi huisimulia habari hiyo kuwa ni habari ya ushupavu, na ushupavu ulikuwapo. Walakini mwenye kutafuta maana yake hana budi kumtazama kwanza yule aliyesema hapana, kwa kuwa ndiye ambaye dunia huwa na haraka ya kumlaani. Wako walioogopa kuwa kazi itahamishwa. Viongozi wakubwa wa siasa wa jimbo hilo walikuwa wamesema waziwazi kuwa hawakitaki chama. Wako ambao hawakupenda kutoa ada. Wako pia walioshuku viongozi wa chama chenyewe, na shuku hiyo haikuwa upuuzi: mwaka 2020 watu wawili waliowahi kuwa marais wa chama hicho walikiri hatia mahakamani katika kesi za kufuja fedha za wanachama kwa anasa zao. Mtu aliyesema hapana mwaka 2019 kwa sababu hakutaka kukabidhi sauti yake kwa mikono asiyoiamini hakumsaliti mtu. Alikuwa kioo, na kioo hakichukiwi ila na mwenye doa usoni.

Tena kioo hicho kilifaa. Mwaka 2021 wanachama wa chama hicho walipiga kura kuamua kuwa viongozi wao wakuu wachaguliwe na wanachama wenyewe, na mwaka 2023 wakampata rais mpya kwa njia hiyo. Mwaka huo huo mgomo wa wiki sita hivi dhidi ya kampuni tatu, yaani General Motors, Ford na Stellantis, ulileta mapatano yenye nyongeza ya ujira ya asilimia 25 katika muda wa miaka minne na nusu. Miezi michache baadaye Chattanooga ilisema ndiyo. Yamkini si sababu hiyo peke yake iliyogeuza kura. Lakini ni vigumu kufikiri kuwa chama kisichonawa uso kingepokewa na watu waliokuwa wamekikataa mara mbili.

Hata hivyo 985 wamebaki, na swali la mwanzo limebaki nao. Mpinzani wa desturi hii husema hivi: uhuru wa mtu ni mali yake, haugawanywi kwa hesabu ya vichwa. Watu 2,628 hawawezi kumwoza binti wa mtu wala kumchagulia dini. Kwa nini waweze kumchagulia msemaji? Hoja hii ina nguvu, na mwenye kuipuuza hajui thamani ya uhuru wake mwenyewe.

Mtetezi hujibu kuwa yako mambo ya mtu peke yake na yako mambo ya wote, na kiwanda ni katika mambo ya wote. Mstari wa kuunganishia magari hauwezi kwenda kwa kasi mbili, moja ya walioshinda na moja ya walioshindwa. Kengele ya mapumziko hulia kwa masikio yote. Hewa yenye vumbi huvutwa na kila pua, na zamu ya usiku ikiondolewa kwa huyu itampata yule. Kabla ya chama kuja, mambo hayo yalikuwa yakiamuliwa kwa wote vile vile. Tofauti ni kuwa yaliamuliwa na mtu mmoja ambaye hakuchaguliwa na yeyote. Basi mwenye kusema hapana hakunyang'anywa uhuru wa kuamua kasi ya mstari, kwa kuwa hakuwa nao. Kura yake haikushinda, lakini ilihesabiwa. Mbele ya tajiri haikuwapo kabisa.

Jibu hili linatosha kuonyesha kwa nini wengi wapewe kusema. Halitoshi kuonyesha nini wanachoruhusiwa kufanya kwa sauti waliyopewa. Wahenga walisema wengi wape. Hawakusema wengi wape vyote. Idadi huweza kuwa ngao ya wanyonge, na idadi hiyo hiyo huweza kuwa rungu juu ya walio wanyonge zaidi. Historia ya reli za Marekani ni shahidi.

Bester William Steele alikuwa mchochea moto wa gari la moshi katika reli ya Louisville & Nashville, huko Alabama. Alikuwa mtu mweusi. Sheria nyingine, iliyohusu reli, iliwapa wengi wa kila kazi haki ya kumchagua msemaji wa kazi hiyo nzima. Wachochea moto wazungu walikuwa wengi, kwa hiyo chama chao kilikuwa msemaji wa wote. Na chama hicho hakikumpokea mtu mweusi kuwa mwanachama. Mwaka 1940 kilizitaka kampuni 21 za reli zibadili mapatano ili mwishowe weusi waondolewe katika kazi hiyo, na mwaka 1941 kikafunga mapatano ya kuwawekea kiwango wasichoweza kukivuka. Kama ilivyoelezwa mahakamani, Steele alikuwa katika kundi la treni za abiria, kazi yenye ujira na saa nzuri, akiifanya vyema. Nafasi zilipotangazwa upya, yeye na wenziwe weusi waliondolewa, na mahali pao wakawekwa wazungu wanachama waliokuwa nyuma yake kwa miaka ya kazi na wasiomzidi kwa ustadi. Alikaa siku 16 bila kazi, kisha akapewa kazi ngumu zaidi na ya ujira mdogo zaidi.

Aliyemtenda hivyo hakuwa tajiri peke yake. Alikuwa msemaji wake. Kwa jina lake chama kiliketi mezani, na kwa jina lake kikaiuza kazi yake. Mahakama za Alabama zilimwambia kuwa hana dai. Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, likitetewa na mwanasheria mweusi Charles Hamilton Houston, na tarehe 18 Desemba 1944 hukumu ikasomwa. Jaji Mkuu Harlan Stone alieleza kuwa sheria inayompa mtu uwezo wa kuwasemea wote, hata wale wasiomtaka, haiwezi kuwa imempa uwezo huo bila wajibu. Mwenye kuwasemea wote lazima awasemee wote kwa haki, bila upendeleo na bila uadui, wawe wanachama au wasiwe.

Maneno hayo ndiyo nguzo ya jambo zima. Kabla yake, mshindi wa kura angeweza kudhani kuwa amepata mali. Tangu hapo alijulishwa kuwa amepewa amana. Sauti ya aliyeshindwa haikufutwa, imekopwa. Na mkopo una mwenyewe.

Haifai, lakini, kuisifu hukumu ile kupita kiasi. Haikukilazimisha chama kumfungulia Steele mlango. Alipaswa kusemewa kwa haki na watu waliomkataza kuketi nao na kupiga kura miongoni mwao wakati walipojadili watakachokisema. Ilipita miaka 20 mpaka sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilipokataza vyama vya wafanyakazi kuwatenga watu kwa rangi zao. Katika miaka hiyo 20 iko ilani kwa kila chama: mahakama huweza kumzuia msemaji asidhulumu, lakini haiwezi kumfanya asikilize. Kusikiliza ni deni ambalo sheria hailidai. Hudaiwa na uungwana.

Aliyeshindwa naye hana deni? Analo, na haki haiwi haki ikitazama upande mmoja. Katika Tennessee, tangu mwaka 1947, sheria ya jimbo imekataza mtu kulazimishwa kulipa ada ya chama ili apate kazi au abaki kazini. Na mwaka 2022 wapiga kura wa jimbo hilo waliitia kanuni hiyo katika katiba yao. Lakini chama bado kina wajibu wa kumsemea asiyelipa sawa na anayelipa, na kumtetea akionewa. Mtetezi wa chama husema kuwa huyo anakula tunda la mti asioumwagilia maji. Mpinzani hujibu kuwa mti huo ulipandwa uani mwake bila ya idhini yake. Wote wawili wana neno la kweli. Katika ada, watu wema wataendelea kubishana. Katika jambo moja hawana ubishi: aliyeshindwa katika kura ya haki hana ruhusa ya kuwavunja wenziwe kwa siri, wala kupeleka maneno yao kwa tajiri, wala kufurahia mapatano mabaya ili apate kusema kuwa alijua. Anayo njia iliyo wazi. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 1947 imewapa wafanyakazi haki ya kupiga kura ya kukiondoa chama wasichokitaka tena. Na iwe ni kura ya kukiingiza au ya kukiondoa, kura mbili halali haziwezi kufuatana katika kundi lile lile ndani ya miezi 12. Muda huo ni wa hekima. Humpa mshindi nafasi ya kuonyesha matendo, na humpa aliyeshindwa nafasi ya kuyapima.

Yako, basi, madeni mawili: la aliyeshindwa na la aliyeshinda. Lakini hayalipwi kwa wakati mmoja. Aliyekopa ndiye alipaye kwanza, na aliyekopa hapa ni mshindi. Hawezi kumwambia aliyeshindwa, nipe kwanza utii wako, kisha nitakutendea haki. Kwa maana utii wa aliyeshindwa umekwisha kuchukuliwa siku ile kura zilipohesabiwa. Kinachongojwa ni haki. Mshindi akimtetea mpinzani wake kwa bidii ile ile ambayo angemtetea rafiki, deni la pili huanza kujilipa lenyewe, kwa kuwa ni vigumu kwa mtu mwenye moyo kuendelea kumchukia aliyemsimamia siku ya dhiki. Mshindi akimsahau, au akimkomoa, amempa kila sababu ya kusema kuwa mabwana wamebadilishwa majina tu.

Usiku wa Aprili 2024 zilipotangazwa kura za Chattanooga, palikuwa na shangwe, na shangwe ilikuwa haki ya waliongoja miaka 10. Kisha wafanyakazi walirudi kwenye mstari ule ule. Aliyesema ndiyo alisimama karibu na aliyesema hapana, na kwa kuwa kura ilikuwa ya siri, huenda hakuna aliyemjua mwenziwe kwa yakini. Hapo siri ya kura hufanya kazi yake ya pili, ambayo watu huitaja kwa nadra. Kabla ya kura ilimkinga mfanyakazi na woga. Baada ya kura humzuia mshindi asijue ni nani wa kumlipiza kisasi. Asiyemjua adui yake hulazimika kuwatendea wote kama ndugu. Mwenye busara hutenda hivyo hata pale anapojua.